Kadi mpya ya michoro inatumika nusu tu: nitathibitishaje kwamba prosesa ndiyo inayoibana?

Mzamiaji aliuliza:

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa kulielewa tatizo ambalo limenikosesha raha kwa siku kumi sasa, na nitajitahidi kutoa maelezo yote mwanzoni ili nisiwachoshe kwa kuniuliza jambo moja moja.

Kompyuta yangu ina prosesa ya Ryzen 5 2600, ubao mama wa B450, ugavi wa umeme wa wati 650, na kumbukumbu ya DDR4 ya gigabaiti 16 katika vipande viwili vya gigabaiti 8, ambayo Task Manager, programu ya Windows ya kuonyesha matumizi ya kompyuta, inaionyesha ikiwa kwenye kasi ya 2133. Skrini ni ya pikseli 1920 kwa 1080 na inaweza kuonyesha picha 144 kwa sekunde. Kwa miaka mingi nilitumia kadi ya GTX 1060 yenye gigabaiti 6. Siku kumi zilizopita niliitoa nikaweka RTX 4070 yenye gigabaiti 12, na kabla ya kuifunga nilisasisha bayosi ya ubao mama, yaani programu ya msingi inayouwasha, kwa kuwa nilishauriwa kwamba ubao wa zamani hupatana vizuri zaidi na kadi mpya ukiwa na toleo la karibuni.

Mchezo ninaoupimia ni Cyberpunk 2077, na sehemu ninayoipimia ni ile ile kila mara: naanzia kwenye ngazi, napita katikati ya soko lenye umati, naishia barabarani, safari ya dakika moja hivi. Kwa kadi ya zamani, katika mipangilio ya wastani, nilikuwa napata fremu (picha) 46 kwa sekunde. Kadi mpya, kwa mipangilio hiyo hiyo, inanipa 64. Nilipopandisha kila kitu hadi juu kabisa, bila ufuatiliaji wa miale (ukokotoaji wa jinsi mwanga unavyosafiri), nilipata 62. Yaani nimeongeza mzigo mkubwa na fremu zimepungua mbili tu, jambo ambalo sikulitarajia hata kidogo.

Kinachonichanganya zaidi ni takwimu za matumizi. Kadi inaonyesha asilimia 48 au 50, na prosesa inaonyesha asilimia 58. Wote wawili wana nafasi, lakini hakuna anayekimbia. Je, kama prosesa ingekuwa imezidiwa, si ingesoma asilimia 100? Rafiki mmoja amenishauri niirudishe kadi kwa kuwa huenda ni mbovu, mwingine amesema ninunue prosesa mpya mara moja, na kikokotoo kimoja cha mtandaoni kimenipa asilimia ya mkwamo bila kuniuliza hata ninacheza mchezo gani. Sitaki kutumia fedha nyingine kwa kupiga ramli. Nataka kujua, kwa vipimo, kikwazo kiko wapi.

Fundi Nyuzi alijibu:

Ndugu Mzamiaji, umefanya vyema kupima njia ile ile kila mara, kwa sababu wengi huja na namba zilizochukuliwa sehemu tofauti za mchezo, na hapo hakuna awezaye kuwasaidia. Nianze na swali lako kuhusu asilimia 58, kwa kuwa ndilo linalowapoteza watu wengi kuliko jingine lolote.

Prosesa yako ina viini 6 (vitengo vya kukokotoa) na nyuzi 12 (foleni za kazi ambazo viini hivyo huzifanya kwa wakati mmoja). Namba unayoiona ni wastani wa nyuzi zote 12, tena uliokusanywa kwa muda wa sekunde nzima. Uzi mmoja uliojaa kabisa, ukiwa peke yake, unachangia asilimia 8.3 tu katika wastani huo. Wafikirie vibarua kumi na wawili katika kiwanja cha ujenzi, ambapo mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kumkabidhi mwashi udongo. Hata kama wenzake saba wanachota maji na kuchekecha mchanga kwa bidii, na wanne wamekaa kivulini, ukuta utapanda kwa kasi ya yule mmoja. Ukijumlisha jasho la wote ukaligawa kwa kumi na mbili, utasema kazi ni nyepesi, ilhali yule mmoja hana hata nafasi ya kufuta uso.

Ndivyo michezo mingi inavyokwenda. Kwa kila fremu, prosesa ndiyo inayotangulia: inasoma ulichobonyeza, inaamua watu wa mchezoni waelekee wapi, inakokotoa migongano, inachagua vitu vitakavyoonekana, kisha inaandika maagizo ya kuchora na kuyapeleka kwenye kadi. Sehemu kubwa ya kazi hizo inaweza kugawanywa kwa nyuzi nyingi, na DirectX 12, programu ya Windows inayounganisha michezo na kadi, inaruhusu hata maagizo ya kuchora yaandikwe na nyuzi kadhaa kwa wakati mmoja, jambo ambalo DirectX 11 haikulimudu vizuri. Hata hivyo, hubaki uzi mkuu ambao lazima umalize zamu yake kabla fremu inayofuata haijaanza. Kadi haiwezi kuchora fremu ambayo maagizo yake hayajaandikwa, kwa hiyo inasubiri, na kusubiri huko ndiko unakokuona kama asilimia 48.

Utajaribiwa kufungua mchoro wa kila uzi katika Task Manager ili umtafute huyo aliyejaa. Unaweza kuuangalia, lakini usiutegemee. Mfumo endeshi huuhamisha uzi mkuu kutoka kiini kimoja hadi kingine mara nyingi ndani ya sekunde moja, na mchoro unachorwa upya mara moja kwa sekunde. Katika sekunde hiyo wewe umekwisha kuona fremu 62. Kwa hiyo mzigo unajipaka kwenye viini vitatu au vinne, kila kimoja kikisoma asilimia 60 au 70, na hakuna hata kimoja kinachofika 100. Nimeona watu wakiapa kwamba prosesa yao imepumzika kwa sababu ya mchoro huo.

Badala ya kutazama asilimia, fanya majaribio yanayobadilisha mzigo wa upande mmoja tu, kisha uone kama fremu zinatikisika. La kwanza ni resolusheni. Ukiacha mipangilio yote kama ilivyo na kushusha picha hadi 1280 kwa 720, kadi inapunguziwa zaidi ya nusu ya pikseli, ilhali prosesa inabaki na watu wale wale wa kuwasogeza na maagizo yale yale ya kuandika. Ikiwa kadi ndiyo iliyokuwa imezidiwa, fremu zitaruka juu. Zikibaki pale pale, kadi haikuwa tatizo. Kisha nenda upande wa pili: kiendeshi cha kadi yako (programu inayoiendesha) kina kipengele kiitwacho DSR kinachoweza kuchora picha kubwa kuliko skrini, kwa hiyo pima pia 2560 kwa 1440 na 3840 kwa 2160, uone ni wapi fremu zinaanza kuanguka.

Jaribio la pili watu hulisahau, nami nalipenda sana kwa sababu haligusi mchezo wenyewe. Fungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, shusha kikomo cha umeme wa kadi hadi asilimia 70, kisha tembea tena katika soko lako. Kama umeipunguzia kadi nguvu na fremu hazijapungua, basi hiyo nguvu haikuwa ikihitajika.

La tatu ndilo lenye uzito zaidi. Pakua PresentMon, programu ya bure ya Intel ambayo inafanya kazi na kadi za watengenezaji wote. Tangu 2023 ina kipimo kiitwacho GPU Busy, yaani muda ambao kadi ilikuwa ikifanya kazi kweli ndani ya kila fremu, kwa milisekunde. Ukilinganisha muda huo na muda wa fremu nzima, pengo lililo kati yao ni muda ambao kadi ilikaa ikingoja. Hapo tutakuwa na ushahidi.

Kabla ya yote hayo, hakikisha hakuna kifungo ulichokisahau. Ukiona fremu zimeganda kwenye namba kama 60 au 72 bila kuyumba, mara nyingi ni ulinganifu wa wima (kadi kusubiri mzunguko wa skrini) au kikomo cha fremu kilichowashwa, na prosesa haihusiki kabisa. Zako zinayumba, kwa hiyo sidhani, lakini angalia.

Kivuli cha Feni alijibu:

Mimi ningeanza na kiendeshi. Mtu akibadilisha kadi bila kukifuta kiendeshi cha zamani kwa ukamilifu, mabaki yake yanaweza kuleta matatizo ya ajabu. Mkuu Mzamiaji, tumia DDU, programu ya kufuta viendeshi, ukiwa katika hali salama ya Windows, futa kila kitu, weka kiendeshi kipya, halafu ndipo upime. Na usizichukulie kwa uzito fremu za safari ya kwanza baada ya hapo, kwa kuwa sheda zote (programu ndogo za kuchora zinazoendeshwa na kadi) zitatayarishwa upya kwa ajili ya kadi mpya, na wakati huo mchezo hukwamakwama hata kwenye kompyuta yenye nguvu sana.

Fundi Nyuzi alijibu:

Ushauri wa kusafisha kiendeshi ni mzuri na haumgharimu chochote, hivyo naunga mkono aufanye. Ila mabaki ya kiendeshi kwa kawaida huleta kuanguka kwa mchezo, picha kuharibika au skrini kuwa nyeusi. Mpangilio wa wastani na mpangilio wa juu kabisa kutoa fremu zinazokaribiana hivyo ni dalili ya kitu kingine. Safisha, ndugu Mzamiaji, kisha uyafanye majaribio yote matatu vilevile.

Mzamiaji alijibu:

Nimerudi na majibu. Nimesafisha kiendeshi kwa DDU, nikauacha mchezo ujitayarishe, nikatembea safari mbili za kuzoeza, kisha nikapima kila jaribio mara tatu na kuchukua wastani. Hakuna kikomo cha fremu wala ulinganifu wa wima uliowashwa, nimekagua ndani ya mchezo na ndani ya kiendeshi.

Kwa 1920 kwa 1080, mipangilio ya juu kabisa, nimepata fremu 62 kama mwanzo, kwa hiyo kiendeshi hakikuwa kikwazo. Kwa 1280 kwa 720 nimepata 63. Kwa 2560 kwa 1440 nimepata 61, na matumizi ya kadi yakapanda hadi asilimia 70 hivi. Kwa 3840 kwa 2160 ndipo fremu zilipoanguka hadi 41, na kadi ikasoma asilimia 99 muda wote.

Kikomo cha umeme cha asilimia 70 hakikubadilisha chochote katika 1080. Fremu zilibaki 62, feni zikatulia, na kadi ikawa ya baridi zaidi.

PresentMon ndiyo iliyonifungua macho. Katika 1080, fremu moja inachukua milisekunde 16.1, lakini GPU Busy inasoma 7.8 tu. Katika 3840 kwa 2160 fremu inachukua 24.4 na GPU Busy ni 24.0. Kwa hiyo, kama nimeelewa sawasawa, kadi yangu inamaliza kazi yake kwa nusu ya muda, kisha inakaa ikingoja nusu iliyobaki. Joto la prosesa halikuvuka nyuzijoto 68 na kasi yake ilikuwa karibu gigahezi 3.7 wakati wote, kwa hiyo sidhani kama inajipunguza kwa ajili ya joto.

Nikubali basi kwamba ni prosesa, nianze kutafuta nyingine?

Pima Kwanza alijibu:

Subiri, ndugu yangu, usinunue chochote bado. Ulichothibitisha ni kwamba kikwazo kiko upande wa prosesa, na upande huo ni mpana kuliko prosesa yenyewe. Prosesa inafanya kazi pamoja na kumbukumbu, na katika ujumbe wako wa kwanza kabisa kuna namba moja iliyonifanya nisimame nisome tena: umesema Task Manager inaionyesha kumbukumbu yako ikiwa kwenye 2133.

Hiyo ni kasi ya msingi ya DDR4, ambayo ubao mama huirudia pale usipoambiwa vinginevyo. Vipande vingi vilivyouzwa pamoja na prosesa za kizazi chako vilikuwa vya 3000 au 3200, lakini kasi hiyo haiji yenyewe. Ni lazima uiwashe katika bayosi kwa kuchagua wasifu wa XMP (mipangilio ya kasi iliyohifadhiwa ndani ya vipande vyenyewe), ambao baadhi ya mbao mama huuita DOCP au A-XMP. Nawe umesema ulisasisha bayosi kabla ya kufunga kadi. Kusasisha bayosi kwa kawaida hurudisha mipangilio yote katika hali ya kiwandani, na wasifu wa kumbukumbu hupotea pamoja nayo bila onyo lolote. Naomba uzime kompyuta, ufungue ubavu wake, usome kibandiko cha vipande vya kumbukumbu.

Nakwambia hivi kwa sababu katika prosesa yako jambo hili lina uzito usio wa kawaida. Ryzen 5 2600 haina kundi moja la viini sita. Ina makundi mawili ya viini vitatu vitatu, kila kundi likiwa na kache yake (kumbukumbu ndogo ya haraka) ya megabaiti 8, na njia inayoyaunganisha makundi hayo hukimbia sambamba na kumbukumbu. Kumbukumbu ikiwa kwenye 2133, njia hiyo inakwenda megahezi 1066. Ikiwa kwenye 3000, inakwenda 1500. Kwa hiyo kumbukumbu ya polepole inakucheleweshea mambo mawili kwa pamoja: data inayotoka kwenye kumbukumbu, na mazungumzo ya viini vyenyewe. Mchezo wenye umati wa watu, ambao kila mmoja wao ana mahali pake, mwendo wake na mavazi yake, huomba data ndogondogo zilizotawanyika kila mahali, na hapo kiini hukaa kikingoja huku takwimu zikisema kinafanya kazi. Task Manager huuhesabu muda wa kungoja kumbukumbu kama muda wa kazi, hivyo huwezi kuuona kwa jicho.

Ukiwa umeifungua, hakikisha pia vipande viwili vimekaa kwenye nafasi ya pili na ya nne kutoka upande wa prosesa, kama kitabu cha ubao mama wako kinavyoelekeza, ili njia zote mbili za kumbukumbu zitumike. Vikikaa kwenye nafasi mbili za njia moja, unapoteza nusu ya upana wa barabara. Na ukitumia CPU-Z kuhakiki, usishtuke ikikuonyesha 1066 au 1500, kwa kuwa programu hiyo huonyesha mapigo halisi, na DDR hupeleka data mara mbili kwa kila pigo.

Mwisho, tambua jambo moja kuhusu ulinganisho wako wa mwanzo. Zile fremu 46 za GTX 1060 ulizipima kabla ya kusasisha bayosi, wakati kadi ndogo ndiyo iliyokuwa kikwazo na kumbukumbu huenda ilikuwa kwenye kasi yake kamili. Hizi 62 umezipima baada ya hapo. Umebadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja bila kujua, ndiyo maana ongezeko limeonekana dogo hivyo.

Mzamiaji alijibu:

Ndugu Pima Kwanza, sina maneno ya kutosha ya kukushukuru. Kibandiko kinasema 3000, kwa maandishi makubwa kabisa, nami nimekuwa nikiitazama kompyuta hii siku kumi bila kulifikiria. Vipande vilikuwa kwenye nafasi sahihi, lakini wasifu wa XMP ulikuwa umezimwa.

Nimeuwasha. Kompyuta ilijizima na kujiwasha mara mbili, nikaogopa kidogo, kisha ikafunguka kawaida. Nimeipima kumbukumbu usiku mzima kwa MemTest86 na haikutoa kosa hata moja, ndipo nikarudi sokoni. Katika 1080, mipangilio ile ile ya juu kabisa, nimepata fremu 72. Muda wa fremu umeshuka kutoka milisekunde 16.1 hadi 13.9, na GPU Busy imebaki 7.8 kama ilivyokuwa. Yaani kadi haikubadilika hata kidogo, upande wa prosesa ndio uliofupika. Zile fremu za chini kabisa, asilimia moja iliyo mbaya kuliko zote, zimepanda kutoka 41 hadi 52, na hilo nalihisi mkononi kuliko hata wastani: nikigeuka ghafla katikati ya umati, picha haishtuki kama zamani.

Bado kuna pengo la milisekunde 6 ambazo kadi inangoja. Je, kuna la kufanya katika mipangilio ya mchezo kabla sijaingia kwenye suala la kununua?

Fundi Nyuzi alijibu:

Lipo, na hapa ndipo watu wengi hukosea njia. Mtu akiona fremu hazitoshi hushusha ubora wa ruwaza za nyuso za vitu, vivuli laini na ukungu, au huwasha DLSS, ambayo huchora picha ndogo kisha kuikuza. Hayo yote yanaipunguzia kazi kadi, ambayo tayari inangoja. Kufanya hivyo unapobanwa na prosesa ni kutwanga maji kwenye kinu: picha inaharibika na fremu zinabaki pale pale. Tafuta mipangilio inayopunguza idadi ya vitu. Katika Cyberpunk 2077 kuna kipengele cha wingi wa umati, na ndicho cha kwanza kushushwa. Katika michezo mingine tafuta umbali wa kuona, wingi wa magari na ubora wa migongano. Ufuatiliaji wa miale nao usiuwashe ukidhani ni mzigo wa kadi peke yake, kwa kuwa prosesa hushiriki kuandaa na kusasisha muundo wa vitu ambavyo miale itavipiga, na katika mji uliojaa watu kazi hiyo si ndogo.

Kisha itumie kadi kwa kile inachokiweza. Umepima mwenyewe kwamba 2560 kwa 1440 ilikupa 61 mahali ambapo 1080 ilikupa 62. Hiyo maana yake ni kwamba picha kali zaidi unaipata karibu bure. Ichore kwa DSR hata katika skrini yako ya sasa, na kingo za majengo zitatulia.

Utashauriwa pia kuwasha utengenezaji wa fremu za kati, ambao kadi yako inauweza. Namba kwenye kona ya skrini itapanda sana, na macho yataona mwendo laini zaidi, lakini fremu hizo za nyongeza hutengenezwa na kadi bila prosesa kuusogeza mchezo hata hatua moja. Mkono wako utaendelea kujibiwa kwa kasi ya fremu halisi, na ucheleweshaji huongezeka kidogo. Katika mchezo wa kutembea na kutazama unaweza kuupenda. Katika mchezo wa ushindani singeuwasha.

Jambo la mwisho katika upande huu ni kikomo. Ukibanwa na prosesa, fremu huja kwa vipindi visivyolingana, moja kwa milisekunde 11, inayofuata kwa 19, na ni kutolingana huko kunakochosha macho kuliko uchache wenyewe. Weka kikomo kidogo chini ya wastani wako, kwa programu ya RivaTuner au ndani ya kiendeshi, ili prosesa ipate pumzi kati ya fremu na fremu.

Kivuli cha Feni alijibu:

Nakubali kwamba nilikimbilia kiendeshi. Kuhusu kununua, Mzamiaji, kuna habari njema kwako: ubao wako ni wa soketi (tundu la prosesa) ya AM4, na mbao za B450 hupokea prosesa za mfululizo wa 5000 zikiwa na bayosi inayofaa. Ryzen 5 5600, iliyotoka 2022, ina viini 6 kama yako, lakini vyote viko katika kundi moja na vinatumia kache moja ya megabaiti 32, kwa hiyo lile tatizo la makundi mawili alilolieleza Pima Kwanza halipo. Ryzen 7 5800X3D ina viini 8 na kache ya megabaiti 96, na katika michezo ya aina hii kache ndiyo inayookoa. Huhitaji kubadilisha ubao wala kumbukumbu. Sioni sababu ya kuirudisha kadi.

Mzamiaji alijibu:

Nimeushusha umati kutoka juu hadi chini, na katika 1080 fremu zimefika 81. Soko limepoa kidogo, siwezi kukataa, na kwa kuwa mji wenye watu ndio ulionivutia katika mchezo huu, nimeamua kuurudisha umati katika kiwango cha kati. Sasa nachora kwa 2560 kwa 1440, kikomo nimekiweka kwenye fremu 66, na mstari wa muda wa fremu katika PresentMon, ambao zamani ulikuwa kama meno ya msumeno, umelala karibu sawa katika milisekunde 15.2 safari nzima, isipokuwa kichuguu kimoja pale ninapofika barabarani.

Prosesa nitaibadilisha baadaye, nikiwa tayari, na nimekwisha kuandika namba ya toleo la bayosi linaloitambua Ryzen 5 5600 kutoka katika ukurasa wa ubao wangu. Toleo nililoliweka siku ile halikuwa la mwisho kabisa, na ni la zamani kidogo kuliko hilo.

Pima Kwanza alijibu:

Basi lisasishe ukiwa bado na Ryzen 5 2600 ndani, kwa sababu ukishaitoa na bayosi haiitambui mpya, kompyuta haitawaka na hutakuwa na njia rahisi ya kurudi. Soma pia maelezo ya toleo hilo kwa makini, kwa kuwa baadhi ya matoleo huacha kuzitambua prosesa za zamani ili kupata nafasi ya mpya. Na mara tu baada ya kusasisha, kabla hujapima fremu hata moja, ingia tena katika bayosi uwashe XMP.

Mzamiaji alijibu:

Nimeandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya ubavu wa kasha, pembeni ya kumbukumbu: "3000, siyo 2133."